Zora Neale Hurston: Alikataa kuisafisha lugha ya mtaa wao, ikamgharimu

Kama ulipitia sekondari hapa Kenya, tamathali za semi unazijua. Tashbihi, sitiari, tashihisi, jazanda. Ulizikariri kama orodha ya kutumwa dukani, ukaambiwa uzitafute kwenye riwaya, mfano mmoja alama moja. Mtihani ukaisha, nawe ukazisahau. Nani atakulaumu? Wengi wetu tulifundishwa kwamba ni mapambo tu, kitu cha kurembesha sentensi.

Leo nataka tuongee kuhusu mwanamke aliyezichukulia sitiari kwa uzito kiasi cha kukosana na wachapishaji, akakosana na waandishi wenzake, na mwishowe akazikwa kwa pesa za mchango. Anaitwa Zora Neale Hurston. Ni Mmarekani mweusi, mtoto wa majimbo ya Kusini, mwandishi wa riwaya ya Their Eyes Were Watching God iliyotoka 1937. Ukimfuata polepole, utaona kwa nini namna watu wanavyoongea mtaani kwao inaweza kuwa suala la uhuru.

Mji wenye meya mweusi

Zora alizaliwa tarehe 7 Januari 1891 huko Notasulga, Alabama. Akiwa bado mdogo kabisa, wazazi wake wakahamia Eatonville, Florida. Sasa Eatonville haukuwa mji wa kawaida. Ulisajiliwa 1887 kama mji unaoendeshwa na watu weusi wenyewe, miaka 22 tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Meya alikuwa mweusi, wenye maduka weusi, mwenye kutunga sheria za mji pia mweusi. Baba yake, John Hurston, alikuwa seremala na mhubiri, na baadaye naye akawa meya.

Kwa hivyo Zora alikua bila kuona weusi kama ugonjwa wa kutafutiwa dawa. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkali, lakini ulikaa nje ya mipaka ya mji wao. Shika jambo hili, kwa sababu baadaye litazua vita.

Katikati ya Eatonville kulikuwa na duka, na mbele ya duka kulikuwa na baraza. Jioni wanaume walikaa pale kwenye masanduku na kupiga porojo. Walishindana kudanganya kwa ustadi: nani anaweza kueleza jua lilivyokuwa kali, au jirani alivyo mchoyo, kwa mfano ambao hakuna mtu amewahi kuusikia. Kama umewahi kusimama katikati ya mchongoano, unajua raha yake. Hakuna anayesema tu kwamba umekonda. Anatafuta picha ya kukukondesha mbele ya watu wote. Zora akitumwa dukani alikuwa akichelewa makusudi, anatega sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza ya fasihi.

Mama yake, Lucy, aliwahimiza watoto wake warukie jua. Hata wasipolifikia, angalau miguu itoke ardhini. Lucy alifariki 1904, Zora akiwa na miaka 13. Baba akaoa tena haraka, nyumba ikageuka, karo ya shule ikakatika. Kuanzia hapo binti akawa wa kuzungushwa kwa ndugu na kufanya vibarua. Alifanya kazi za nyumbani kwa watu, akafukuzwa, akapata kingine. Wakati mmoja alikuwa mtumishi wa mwimbaji katika kundi la maigizo lililokuwa likizunguka mji kwa mji.

Miaka kumi iliyofutwa

Kwa sisi tulioacha masomo katikati ya safari, sehemu hii ina ladha yake. Mwaka 1917 Zora alikuwa Baltimore, ana miaka 26, na hajamaliza sekondari. Shule ya bure ya serikali ilikuwa ya vijana. Akafanya hesabu. Akasema ana miaka 16, kwamba alizaliwa 1901. Walimu wakaamini. Miaka kumi ikafutika hivyo tu, na Zora hakuirudisha tena maishani.

Akamaliza sekondari 1918, akaingia Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, huku akitengeneza kucha za wateja ili apate karo. Mwaka 1924 alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Hilltop, gazeti la wanafunzi wa Howard. Mwaka uliofuata akaingia New York akiwa na doo kidogo sana mfukoni, akashinda tuzo za uandishi, akafahamiana na Langston Hughes na vijana wengine wa Harlem. Akapata nafasi Barnard, chuo cha wanawake, akiwa mwanafunzi mweusi wa pekee. Alihitimu 1928. Vyeti vilionyesha msichana. Ukweli ni kwamba alikuwa na miaka 37.

Huko ndiko alikokutana na Franz Boas, profesa wa anthropolojia, aliyempa kazi ya kurudi Kusini kukusanya hadithi na nyimbo za watu weusi. Safari ya kwanza, mwaka 1927, ikafeli. Unajua kwa nini? Alienda akiongea Kiingereza cha chuo, laini, kilichopigwa pasi. Akawauliza watu kama wanajua hadithi za zamani. Watu wakamtazama, wakamwambia pengine wa kijiji cha pili wanazo. Aende huko.

Safari iliyofuata akabadilisha mbinu. Alirudi Eatonville, akakaa barazani, akaongea kama alivyoongea akiwa mtoto. Porojo zikafunguka kama bomba. Alipofika kwenye kambi za wakata miti huko Polk County, watu walimshuku kwa sababu ya gauni lake la bei na gari lake la Chevrolet. Akawaambia anakimbia polisi kwa sababu ya biashara ya pombe haramu. Wakamkubali mara moja! Alisafiri na bastola, mwanamke peke yake, barabara za Kusini, enzi ambazo mtu mweusi aliweza kuuawa na umati wa watu kwa neno moja tu. Hadithi hizo zikawa kitabu cha Mules and Men, kilichotoka 1935.

Mzee aliyeongea kwa lugha yake

Kuna kazi moja ya wakati huo inayoonyesha msimamo wake kuliko zote. Huko Alabama alimhoji mzee aliyeitwa Cudjo Lewis, ambaye jina lake la kwao Afrika Magharibi lilikuwa Kossola. Mzee huyo aliletwa Marekani 1860 katika meli ya Clotilda, zaidi ya miaka 50 baada ya kuingiza watumwa kupigwa marufuku. Alikuwa mmoja wa watu wa mwisho waliokuwa hai ambao wangeweza kusimulia walivyotekwa na kuvushwa bahari.

Zora aliandika maneno ya mzee vile yalivyotoka kinywani mwake, na matamshi yake yote. Mchapishaji mmoja mkubwa alivutiwa, lakini akataka lugha ya mzee ibadilishwe iwe Kiingereza sanifu. Zora akakataa. Kitabu kikalala. Kilichapishwa 2018 kwa jina la Barracoon, miaka 58 baada ya Zora kufa.

Hebu jiulize: ungekuwa wewe, hauna kitu mfukoni, mchapishaji anakuambia unyooshe lugha kidogo tu upate mkataba, ungefanya nini?

Zora alikuwa na sababu yake. Mwaka 1934 aliandika insha kuhusu namna watu weusi wa Kusini wanavyoongea. Hoja yake ilikuwa kwamba watu hao hawakukosea Kiingereza. Walikirembesha. Walifikiri kwa picha, na kila jambo wakalipa mfano wa kuonekana kwa macho. Wengine waliita lugha hiyo mbovu. Yeye akaiona sanaa. Ukiipiga pasi unaua picha, na ukiua picha umemnyamazisha aliyeichora.

Wiki saba Haiti

Mwaka 1936 alipata ufadhili wa Guggenheim, akaenda Jamaica kisha Haiti kufanya utafiti. Moyoni alikuwa na jeraha la mapenzi, ya mwanamume aliyekuwa mdogo kwake sana kwa umri. Usiku, baada ya kazi ya mchana, akaanza kuandika. Wiki saba baadaye, Desemba, riwaya ikawa imekamilika.

Their Eyes Were Watching God inamhusu Janie Crawford, anayemsimulia rafiki yake Pheoby maisha yake na waume watatu. Kisa unaweza kukieleza kwa dakika mbili. Lakini zifuate picha, uone zinavyofanya kazi.

Ya kwanza ni mti wa pea. Janie akiwa na miaka 16 analala chini ya mti uliochanua, anatazama nyuki wakiingia kwenye maua. Hapo anapata picha ya mapenzi anayoyataka: kupeana, bila anayelazimishwa. Kuanzia siku hiyo kila mwanamume anapimwa kwa mti ule. Mume wa kwanza, Logan, ana ekari 60 za shamba, lakini ukimweka karibu na mti ule maua yananyauka.

Ya pili ni nyumbu. Hapana, si yule wa Maasai Mara. Ni yule mtoto wa punda na farasi, mnyama wa kubeba mizigo. Bibi yake Janie alizaliwa utumwani, na amejifunza ulimwengu kwa mgongo wake. Anamweleza mjukuu kwamba mzungu humtupia mzigo mwanamume mweusi, na mwanamume mweusi humtupia mwanamke wake. Mwanamke ndiye nyumbu wa wote. Basi bibi anamwoza Janie kwa mwenye shamba ili aepuke mzigo. Na Logan afanya nini? Anaenda kununua nyumbu wa pili ili Janie naye ashike jembe!

Halafu tazama ujanja wa Zora. Kule Eatonville, ndani ya riwaya, anatokea nyumbu wa kweli, mzee, mbavu nje, anayechekwa na kila mtu barazani. Mume wa pili, Joe Starks, ambaye ni meya, anamnunua ili apumzike, na mji mzima unampigia makofi kwa kumpa mnyama uhuru. Mke wake amesimama dukani siku hiyohiyo, amekatazwa kuhutubia, amekatazwa kukaa barazani, na nywele zake nzuri zimefungwa kitambaa kwa amri ya mume. Nyumbu amekombolewa, mke bado. Zora hasemi hivyo popote. Anaweka picha mbili karibu, wewe mwenyewe unaziunganisha. Hiyo ndiyo nguvu ya sitiari: inakufanya ufikie hitimisho ukidhani ni lako.

Joe akifa, Janie anachoma vitambaa vyote. Vitambaa tu, lakini moshi wake unaunusa hadi leo.

Ya tatu ni tufani. Janie na mume wa tatu, Tea Cake, wako kwenye mashamba karibu na ziwa Okeechobee. Zora analifanya ziwa kuwa dude kubwa lililolala, linaloamka na kukanyaga nyumba. Kwenye mtihani ungeandika tashihisi na kupata alama yako. Lakini jambo hilo lilitokea. Septemba 1928 tufani ilivunja kingo za ziwa hilo na kuua watu wasiopungua 2,500, wengi wao vibarua weusi wa mashambani. Huko West Palm Beach miili 674 ya watu weusi ilitupwa kwenye kaburi moja la pamoja. Majeneza yaliwekewa wazungu. Riwaya inalionyesha jambo hilo: Tea Cake analazimishwa kwa bunduki kuzika maiti, na kuambiwa achunguze rangi kwanza. Dude la maji halikubagua mtu, waliobagua ni watu waliobaki hai. Zora anakuachia picha hizo mbili tena, kimya.

Na inayozunguka zote ni upeo wa macho, pale mbingu zinapokutana na ardhi. Bibi aliukunja upeo huo ukawa mdogo, akamfunga nao Janie shingoni kama kamba. Mwishoni Janie anarudi nyumbani, amepoteza mume, majirani wanamsema, lakini amefika kwenye upeo na kurudi. Sasa anauvuta kwake kama mvuvi anavyovuta wavu uliojaa samaki. Kitu kilekile, kwanza kamba, kisha wavu wake mwenyewe. Hapo ndipo unauona uhuru wake.

Waliomrushia mawe

Ungedhani waandishi weusi wangesherehekea. Wapi! Richard Wright, kijana aliyekuwa akipanda kwa kasi na ambaye 1940 angetoa Native Son, aliichambua vikali mwaka uleule wa 1937. Kwake, riwaya haikuwa na ujumbe. Aliona lugha ile ya barazani kama kichekesho cha kuwafurahisha wasomaji wazungu.

Tusimcheke Wright. Alikulia Mississippi, amejaa hasira ya haki, katika nchi iliyokuwa bado inawanyonga watu weusi mitini. Alitaka kitabu kiwe rungu. Ukikaa upande wake kidogo, unaelewa kwa nini mti wa pea ulimkera.

Lakini Zora alikuwa ameona kitu kingine. Alikulia Eatonville, kumbuka. Alijua mtu mweusi anaamka, anapenda, anagombana na mumewe, anacheka na majirani, na siku nzima inaweza kupita bila kumfikiria mzungu. Kumwandika kana kwamba kila pumzi yake ni jibu kwa ubaguzi ni kuupa ubaguzi nyumba nzima, hadi chumba cha kulala. Kwa maoni yangu wote wawili walihitajika. Ila Wright alikosea pale aliposema hakuna ujumbe. Ujumbe ulikuwa kwenye nyumbu. Hakumsoma.

Mwisho mgumu

Kitabu kikapotea madukani. Zora aliendelea kuandika, lakini pesa ziligoma. Mwaka 1948 alisingiziwa kosa baya dhidi ya mtoto, wakati ambapo hakuwa hata nchini. Kesi ikatupwa, ila magazeti yalikuwa yameshapiga kelele, na aibu ile ilimuumiza sana. Mwaka 1950 alikutwa akifanya kazi ya nyumbani kwa tajiri huko Miami, wakati hadithi yake ikiwa kwenye jarida kubwa la taifa.

Na usidhani alikuwa malaika. Mwaka 1955 aliandika akipinga uamuzi wa mahakama wa kuunganisha shule za weusi na wazungu. Alihisi ni tusi kudhani mtoto mweusi hawezi kusoma bila kukaa karibu na mzungu. Wengi walimkasirikia, na unaweza kuona kwa nini: shule za weusi zilinyimwa pesa, na fahari ya Eatonville haikujenga madarasa popote pengine. Kiburi kilekile kilichomfanya akatae kunyoosha lugha ya mzee Kossola ndicho kilimfanya asione hilo.

Alifariki tarehe 28 Januari 1960 huko Fort Pierce, Florida, katika makao ya maskini ya kaunti, baada ya kupigwa na kiharusi. Watu walichanga pesa za mazishi. Kaburi halikuwekewa jiwe. Mtu aliyekuwa akisafisha alikoishi akawasha moto, akaanza kuchoma karatasi zake. Naibu wa sherifu aliyemfahamu, Patrick Duval, akapita, akaona moshi, akauzima kwa mpira wa maji. Kidogo tu tungekosa maandishi yale.

Mwaka 1973 mwandishi kijana, Alice Walker, alienda kumtafuta. Alitembea kwenye nyasi ndefu za makaburi, akapata sehemu iliyodidimia, akaweka jiwe kwa pesa zake. Jiwe linasema Zora alizaliwa 1901. Ule uongo wa Baltimore ulidumu kuliko yeye. Miaka michache baadaye riwaya ikachapishwa upya, na sasa inafundishwa vyuo vingi duniani.

Utasoma nini sasa

Nikikuambia uisome, kuwa tayari: mazungumzo yake yameandikwa kwa matamshi ya Kusini, na kurasa kumi za kwanza zitakusumbua. Yasome kwa sauti. Sikio litaelewa kabla ya jicho.

Na ukimaliza, sikiliza stejini, sikiliza kinyozi, sikiliza shangazi yako akimsema mtu. Hesabu ni mara ngapi wanafikiri kwa picha. Kisha jiulize ni nani aliyekuambia lugha hiyo haifai kuandikwa, na alipata faida gani ulipomwamini. Zora aliulizwa swali hilo na mchapishaji mwenye hundi mkononi. Wewe bado hakuna aliyekuletea hundi, kwa hivyo unaweza kuanza kuandika leo.